Anwani ya Ndani si Anwani ya Siri: Kuhamisha Mtandao wa Ofisi kutoka Anwani za IP za Umma, kwa Mifano ya Lilongwe na Dzaleka, Malawi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ofisi inavyohamisha mtandao wake kutoka anwani za IP za umma kwenda anwani za ndani, na yanachunguza maneno ya Kiswahili yanayotumika kuueleza uhamisho huo. Hoja kuu ni kwamba maneno "binafsi", "faragha" na "siri", ambayo hutumiwa kutaja aina ya pili ya anwani, yanaahidi ulinzi ambao anwani hizo hazikuundwa kuutoa. Katika mazingira kama ya Dzaleka, ambako mtandao wa ofisi unaweza kubeba taarifa za watu waliokimbia nchi zao, ahadi hiyo si dosari ya tafsiri tu. Makala yanaeleza uhaba uliozaa anwani za ndani, yanafuatilia hatua za uhamisho kwa kutumia ofisi ya kufikirika yenye makao Lilongwe na tawi Dzaleka, kisha yanajadili istilahi na athari zake kwa waandishi wa miongozo na sera.

1.0 Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kutafsiri mwongozo mfupi wa mafunzo ya mafundi wa mtandao. Ulikuwa wa kurasa chache na sikuuona kuwa mgumu. Nilipofika kwenye sehemu ya anwani za IP niliandika kwamba zipo za aina mbili: anwani za umma na anwani za siri. Katika somo la kwanza fundi mmoja, mzaliwa wa Kivu ya Kusini, aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, kama adresi iko ya siri, neno la siri ni la nini tena?" Wenzake walicheka, lakini swali lake lilikuwa na mantiki kamili. Ikiwa mashine imekwisha kupewa anwani isiyojulikana na mtu, kuifungia kwa neno la siri ni kufunga mlango ambao hakuna anayeweza kuuona. Mwongozo haukusema hivyo hata kidogo. Tafsiri yangu ndiyo iliyosema.

Suala hili lina uzito wa pekee nchini Malawi. Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, iko zaidi ya kilomita 40 kaskazini mwa Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994 mahali ambapo awali palikuwa na gereza, ikikusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo inahifadhi zaidi ya watu 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha kuu zinazowaunganisha. Mwishoni mwa mwaka 2013 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilifanya hapo majaribio ya mfumo wake mpya wa utambuzi wa watu kwa alama za vidole, mboni za macho na sura, na karibu wakimbizi 17,000 waliandikishwa. Kwa hiyo Dzaleka ni miongoni mwa mahali pa kwanza duniani ambapo mwili wa mkimbizi uligeuzwa kuwa kumbukumbu ya kompyuta kwa mfumo huo. Anayeandika mwongozo wa mtandao kwa Kiswahili katika mazingira hayo hana anasa ya kuchagua neno kwa sababu tu linasikika vizuri.

Kwa upande wa sera, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya nne rasmi katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Dar es Salaam Agosti 2019. Nyaraka za kiufundi za Kiswahili hazitabaki tena Dar es Salaam, Nairobi au Bukavu. Zitasomwa pia Lilongwe, na watu ambao hawakulelewa katika lugha hii.

2.0 Uhaba uliozaa anwani za ndani

Anwani ya IP ya toleo la nne ni namba ya biti 32, inayoandikwa kwa mafungu manne yanayotenganishwa na nukta. Jumla ya anwani zinazowezekana ni 4,294,967,296. Idadi hiyo ilionekana kubwa mno enzi ambazo kompyuta zilikuwa za vyuo na majeshi. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 ilikuwa dhahiri kwamba haitatosha. Suluhisho mbili za muda zilipendekezwa mwaka 1994, mwaka uleule ambao Dzaleka ilifunguliwa. Ya kwanza ilikuwa kutenga mafungu ya anwani ambayo kila taasisi ingeweza kuyatumia ndani ya mipaka yake bila kuomba ruhusa kwa mtu. Ya pili, iliyoelezwa na Egevang na Francis katika waraka wa RFC 1631, ilikuwa kuweka mpakani mwa mtandao kifaa cha kutafsiri anwani za ndani kuwa za nje na za nje kuwa za ndani.

Pendekezo la kwanza lilipata umbo lake la kudumu Februari 1996 katika waraka wa RFC 1918 ulioandikwa na Rekhter na wenzake. Mafungu yaliyotengwa ni matatu: yanayoanza na 10, ambayo ni anwani 16,777,216, ya kuanzia 172.16 hadi 172.31, ambayo ni 1,048,576; na yanayoanza na 192.168, ambayo ni 65,536. Ruta za mtandao wa dunia zinatakiwa kutozipeleka popote. Ofisi ya Lilongwe, duka la Mombasa na nyumba ya Muscat zinaweza zote kuwa na mashine yenye anwani 192.168.1.10 wakati mmoja, na hakuna atakayegongana na mwenzake, kwa kuwa anwani hiyo haina maana nje ya kuta za kila mmoja.

Msomaji wa masuala ya sera azingatie jambo moja katika waraka huo. Sehemu yake inayohusu usalama ina sentensi moja tu, na sentensi hiyo inasema kwamba masuala ya usalama hayakujadiliwa. Walioziunda anwani za ndani walikuwa wakiokoa namba. Hawakuwa wakijenga ukuta.

Barani Afrika uhaba ulichelewa kuhisiwa. Shirika la ugawaji la kanda, AFRINIC, lenye makao Mauritius, lilitambuliwa rasmi Aprili 2005. Tarehe 3 Februari 2011 mafungu makubwa matano ya mwisho ya hazina ya dunia yaligawiwa mashirika matano ya kanda, moja kwa kila shirika. Wakati kanda nyingine zilipokuwa zikikwangua sufuria, AFRINIC bado ilikuwa na akiba. Akiba hiyo iliingia awamu ya kwanza ya ukomo mwaka 2017 na awamu ya pili Januari 2020, ambapo mwombaji hawezi kupewa zaidi ya anwani 1,024 kwa mara moja. Tangu mwaka 2021 migogoro ya umiliki wa anwani imelifikisha shirika hilo mara kwa mara mbele ya mahakama za Mauritius. Kwa mtoa huduma wa intaneti aliyepo Lilongwe, fungu la anwani 256 lililokabidhiwa ofisi moja yenye kompyuta 40 limekuwa mali iliyolala. Ndiyo maana barua za kuomba anwani zirejeshwe, au za kuzitoza ada mpya, si jambo la kushangaza tena.

3.0 Karani wa barua

Msomaji wa Kiswahili hahitaji hesabu ili aelewe kazi ya kutafsiri anwani; anaihitaji S.L.P. Shule ya bweni ina sanduku moja la posta na wanafunzi mia sita. Barua zote zinafika katika sanduku hilohilo, kisha karani anazigawa kwa majina. Namba ya kitanda cha mwanafunzi haijulikani posta wala haina haja ya kujulikana, na shule ya jirani inaweza kuwa na kitanda chenye namba hiyohiyo.

Ruta iliyopo mpakani ni karani huyo, ila karani wetu anafanya kazi kwa njia ya ajabu kidogo. Kompyuta ya ndani inapotuma pakiti nje, ruta inafuta anwani ya ndani ya mtumaji, inaandika anwani ya umma ya ofisi, na inaongeza namba ya mlango iliyochaguliwa kati ya zaidi ya 65,000 zilizopo. Kisha inaandika katika jedwali lake: mlango huu ni wa mashine fulani. Jibu linaporudi, ruta inatazama jedwali na kulipeleka panapohusika. Baada ya muda wa ukimya mstari huo unafutwa.

Kutokana na utaratibu huo, pakiti inayokuja kutoka nje bila kuitwa haimo katika jedwali, hivyo haina pa kwenda na inatupwa. Watu wengi wameona hilo na kuliita ulinzi. Kwa kiasi fulani ni kweli: printa iliyokuwa na anwani ya umma ilikuwa ikionekana na yeyote duniani aliyetaka kuibisha hodi, na sasa haionekani. Hata hivyo karani hasomi barua. Mtumishi anapofungua kiambatisho chenye programu haribifu, ni mashine ya ndani iliyoanza mazungumzo, na karani ataleta majibu yote kwa uaminifu mkubwa. Aliyekwisha kuingia ndani, kwa waya au kwa mawimbi ya ofisini, hakutani na karani kabisa.

4.0 Uhamisho wenyewe

Tuchukue ofisi ya kufikirika. Makao yake ni Lilongwe, yenye kompyuta, printa, kamera za ulinzi, seva moja ya mafaili na seva moja ya fomu ambazo washirika wa nje huzijaza. Tawi lake liko Dzaleka. Tangu ilipoanza, kila kifaa cha Lilongwe kimekuwa na anwani ya umma kutoka fungu la 203.0.113. (Fungu hilo halina mwenyewe, lilitengwa mwaka 2010 kwa ajili ya mifano ya maandishi, na ningependa waandishi wa vitabu vyetu vya kiada walitumie badala ya kuokota namba za watu.)

Kazi ya kwanza haina uhusiano na kompyuta: ni kuhesabu. Ofisi nyingi hudhani zinajua vifaa vyao. Orodha ya mhasibu ina kompyuta na printa. Haina kamera iliyofungwa na mkandarasi, saa ya kusajili mahudhurio, wala kisanduku kilichowekwa chini ya meza na mfanyakazi ambaye mkataba wake ulikwisha zamani. Kila kimoja kati ya hivi kinaweza kuwa na anwani iliyoandikwa ndani yake kwa mkono. Kifaa ambacho anwani yake hugawiwa na ruta kitahama chenyewe. Kilichoandikiwa kwa mkono kitabaki nyuma, na siku fungu la zamani litakapozimwa kitanyamaza. Kwa hiyo fundi husikiliza mtandao kwa wiki moja au mbili, akiandika kila anwani inayozungumza, kisha huoanisha maandishi yake na orodha ya mhasibu. Tofauti kati ya orodha hizo mbili ndiyo ramani halisi ya hatari.

Kazi ya pili ni kuchagua fungu. Hapa ndipo ofisi hujitegea mtego. Vifaa vingi hutoka kiwandani vikiwa na fungu la 192.168.0 au 192.168.1, na fundi mwenye haraka huyaacha hivyo. Lilongwe wanatumia 192.168.1, Dzaleka, bila kushauriana, nao wanatumia 192.168.1. Kwa miaka miwili hakuna anayeona kasoro. Siku ofisi inapoamua kuunganisha tawi na makao kwa handaki lililosimbwa, inagundua kwamba ina vyumba viwili vyenye namba moja katika nyumba moja. Mtumishi wa Dzaleka anapoomba seva 192.168.1.10, kompyuta yake inaitafuta palepale Dzaleka na haivuki kamwe kwenda Lilongwe. Waraka wa 1996 uliliona hili ukashauri mafungu yachaguliwe kwa kubahatisha ili uwezekano wa kugongana upungue. Ofisi yetu ingeweza kuchukua 10.47 kwa Lilongwe na 10.94 kwa Dzaleka. Si bahati nasibu kamili, nakiri, lakini fundi mpya atakumbuka Area 47 na mwaka ambao kambi ilifunguliwa, na kukumbukwa nako kuna thamani yake. Yeyote aliyepotea Lilongwe, ambako maeneo yamepewa namba zisizofuatana ardhini, anajua kwamba namba ni rahisi kuipata kuliko kuielewa.

Kazi ya tatu ni kuondoa namba katika vichwa vya watu. Mafaili ya mkato, mipangilio ya printa na maelezo yaliyobandikwa ukutani mara nyingi hutaja anwani yenyewe. Kabla ya kuhama, kila huduma hupewa jina katika huduma ya majina, na watumishi huzoeshwa kutumia jina. Siku namba itakapobadilika, jina litabaki. Siku chache kabla ya uhamisho fundi hupunguza pia muda ambao mashine huruhusiwa kuyakumbuka majibu ya majina na muda wa kukodisha anwani, kutoka siku nzima hadi dakika chache. Asipofanya hivyo, nusu ya ofisi itahama Jumamosi na nusu nyingine Jumatatu mchana, na lawama zote zitamwangukia yeye.

Uhamisho wenyewe haufai kuwa tukio la usiku mmoja. Ruta inaweza kubeba mafungu mawili kwa pamoja katika waya uleule: la zamani na jipya. Kompyuta za watumishi zinahamishwa kwanza, idara baada ya idara. Printa hufuata. Seva zinakuja mwisho. Katika kipindi hicho kuishi pamoja kunawezekana, na kila hatua inaweza kurudishwa nyuma. Jambo moja dogo limewaumbua mafundi wengi: mipangilio mipya ya ruta huanza kufanya kazi mara inapoandikwa, lakini baadhi ya ruta hazihifadhi maandishi hayo mpaka ziamriwe. Umeme ukikatika kabla ya amri hiyo, ruta inaamka ikiwa katika hali ya jana. Malawi si nchi ya kuahirisha amri hiyo.

Seva ya fomu inahitaji uangalifu wa peke yake, kwa kuwa ndiyo inayotakiwa kufikiwa kutoka nje. Ofisi haitarudisha anwani zote 256. Itabakiza fungu dogo, kwa mfano la anwani 8 ambazo 6 kati yake ndizo zinazotumika, na kuamuru ruta ipeleke mlango mahususi wa anwani mojawapo kwenye seva hiyo. Amri hiyo ni tundu lililotobolewa kwa makusudi. Linapaswa kuandikwa: nani aliliomba, kwa sababu gani, na litazibwa lini. Aidha washirika wa nje ambao mifumo yao huruhusu anwani fulani tu wanapaswa kuarifiwa mapema. Benki au mfadhili aliyezoea kuona anwani ya kompyuta ya mhasibu sasa ataona anwani ya ofisi nzima. Kwa kumruhusu mhasibu, atakuwa amemruhusu kila mtu aliyeko nyuma ya ruta hiyo, pamoja na mgeni aliyepewa intaneti ya bure sebuleni, ikiwa hakutengewa mtandao wake.

Kwa tawi la Dzaleka hali inaweza kuwa tofauti kabisa. Tawi linalotegemea mtandao wa simu mara nyingi halina anwani ya umma ya kurudisha. Kampuni nyingi za simu hutafsiri anwani za wateja wao kwa wingi, na Aprili 2012 fungu la nne, linaloanzia 100.64, lilitengwa kwa kazi hiyo katika waraka wa RFC 6598. Tawi la namna hii linakuwa nyuma ya makarani wawili: wake na wa kampuni. Hawezi mtu wa Lilongwe kulipigia hodi. Handaki lazima lianzishwe na Dzaleka kuelekea Lilongwe, na hili si suala la upendeleo bali la namna majedwali yanavyofanya kazi.

Faida inayodumu kuliko zote haihusu usalama. Ofisi iliyokwisha kuhama inaweza kubadili mtoa huduma wa intaneti kwa kubadili anwani chache za mpakani, bila kugusa kompyuta hata moja. Aliyekuwa mateka wa namba za mtoa huduma wake anapata sauti anapojadili bei. Toleo la sita la anwani za IP, lenye biti 128, lingemwezesha kila kifaa kuwa tena na anwani yake ya umma, na mhamaji mwenye busara huanza kulipanga sambamba. Ila siku hiyo itakapofika, ofisi iliyomtegemea karani kama mlinzi wake itajikuta haina mlinzi.

5.0 Binafsi, faragha, siri, ndani

Sasa turudi kwenye neno. Kiingereza hutumia neno moja kwa shule isiyo ya serikali, mazungumzo ya chumbani na anwani hizi. Kiswahili, kwa bahati nzuri, hakina neno la namna hiyo, na kila mtafsiri analazimika kuamua. Tatizo ni kwamba tumeamua ovyo.

"Binafsi" humpeleka msomaji kwa mtu au kwa mali isiyo ya serikali: sekta binafsi, maoni binafsi. Mkimbizi anayeambiwa kuwa kompyuta ya ofisi ina anwani binafsi anaweza kuelewa kuwa ni ya mtumishi fulani. Msemaji wa Kiswahili cha Kongo, anayesema "adresi" na "rezo" chini ya kivuli cha Kifaransa, ataelewa makazi ya mtu. "Faragha" ni neno zuri, nalo limechukua nafasi yake katika mjadala wa ulinzi wa taarifa. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kulikataa hapa. Sheria inaposema faragha ya mhusika ilindwe, na mwongozo wa fundi ukasema mashine ina anwani ya faragha, msomaji asiye fundi atahitimisha kwamba sheria imetimizwa. Kuhusu "siri" nimekwisha kukiri kosa langu.

Hata "umma" lina kona zake. Katika Kiswahili cha utawala, cha umma mara nyingi maana yake ni cha serikali: mtumishi wa umma, mali ya umma. Tuangalie sentensi ambayo mshauri wa sera anaweza kuiandika bila nia mbaya: "Ofisi za umma zisitumie anwani za umma." "Umma" wa kwanza ni dola, "umma" wa pili ni dunia yote. Msomaji anayedhani anwani ya umma ni anwani ya serikali atashangaa kwa nini serikali inajikataza kutumia mali yake.

Napendekeza "anwani ya ndani" kwa aina ya pili. Neno "ndani" linataja mahali tu. Haliahidi usiri, halimtaji mwenye mali, na linamlazimisha msikilizaji kuuliza swali lililo sahihi: ndani ya nini? Mwongozo unaposema mashine iko kwenye anwani ya ndani, fundi atauliza ni nani mwingine aliye ndani pamoja nayo. Pingamizi lipo: wapo watakaotaka jozi iwe "ya ndani" na "ya nje", na "nje" kwetu ni pia ng'ambo. Kwa sababu hiyo ningebakiza "anwani ya umma" kwa aina ya kwanza, kwa sharti kwamba ielezwe kila inapotajwa mara ya kwanza: anwani inayofikika kutoka popote katika intaneti. Jozi isiyolingana umbo haipendezi katika jedwali la istilahi. Wanaistilahi wenzangu wamenilalamikia, na sijaona kwamba ulinganifu una uzito wa kutosha.

6.0 Watu wengi, anwani moja

Baada ya uhamisho, dunia ya nje inaiona ofisi nzima kama mtu mmoja. Tangu mwaka 2010 wapo wakazi wa Dzaleka wanaosoma masomo ya elimu ya juu kwa njia ya mtandao, kupitia mpango ulioanzishwa na Wajesuiti. Tuwaze darasa lolote la namna hiyo: wanafunzi thelathini wanafungua ukurasa mmoja wa kuingilia, saa moja, kutoka anwani moja. Mfumo wa usalama wa upande wa pili unaweza kuuona msururu huo kama shambulio la kubahatisha maneno ya siri, na kuifunga anwani. Mwanafunzi aliyekosea neno lake mara nyingi anaweza kuwafungia mlango ishirini na tisa waliobaki, siku ya mtihani. Mwanafunzi wa chuo cha Ulaya akifungiwa huenda nyumbani kwake akajaribu kwa mtandao mwingine. Mkazi wa Dzaleka, ambaye sheria na sera za Malawi zinamtaka aishi kambini na ambaye anategemea darasa hilo kwa intaneti, hana mtandao mwingine. Sera ya taasisi inayotoa masomo inapaswa kulijua hili, na ofisi inayohama inapaswa kuwaarifu watoa masomo kabla ya kuhama.

Upo pia upande wa uwajibikaji. Kukiwa na malalamiko kwamba anwani ya ofisi ilitumika kwa uhalifu saa fulani, jawabu pekee limo katika kumbukumbu za ruta: mashine gani ilitumia mlango gani, dakika gani. Bila kumbukumbu hizo mshukiwa ni kila mtu aliyekuwa ndani. Zikiwepo, ofisi imetengeneza daftari linaloonyesha nani alitembelea tovuti ipi. Kwa mtumishi wa benki daftari hilo ni kero. Kwa mtu anayefuatilia maombi yake ya ukimbizi, au anayewasiliana na ndugu waliobaki katika eneo la vita, ni taarifa inayoweza kumdhuru yeye na wao. Malawi ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2024, na daftari la ruta linastahili kusomwa kwa macho ya sheria hiyo sawasawa na faili la usajili. Miongozo ya uhamisho niliyowahi kutafsiri ilieleza namna ya kuwasha kumbukumbu. Haikueleza nani anaruhusiwa kuzifungua wala zifutwe baada ya siku ngapi.

Kifungu cha mwongozo kinachofaa kwa hiyo kingesema kwamba mashine zote za ofisi zitakuwa kwenye anwani za ndani. Kwamba kuwa kwenye anwani ya ndani hakuondoi wajibu wa maneno ya siri, usimbaji na ukuta wa kinga. Na kwamba kumbukumbu za utafsiri wa anwani zitatunzwa kwa idadi ya siku iliyotajwa, chini ya ofisa aliyetajwa kwa cheo. Ningeongeza sharti moja ambalo waandishi wa sera huliona dogo mno: saa ya ruta ioanishwe na saa ya mtandao kila siku. Ruta iliyozimika kwa kukatika umeme inaweza kuamka ikiwa na tarehe ya miaka mingi iliyopita, au ikiwa imechelewa kwa dakika ishirini. Anwani ya ndani iliyokuwa ya mtu mmoja saa nne kamili inaweza kuwa ya mwingine saa nne na dakika ishirini, na daftari litamtaja yule asiyehusika, kwa jina la mashine yake na kwa uhakika wote wa maandishi.